Miaka Miwili Maabarani: Digrii Fupi ya Bayoteknolojia Inampa Mtu Nini?

Swali hili huulizwa na wazazi zaidi ya watoto wao. Kijana amefika Marekani, au amepata nafasi ya kwenda, na anasema anataka kusoma bayoteknolojia kwa miaka miwili kwenye chuo cha jamii. Mama anauliza, "Mwanangu, miaka miwili? Ukitoka hapo utaitwa nani?" Kijana anajibu, "Fundi wa maabara, mama." Mama anaishiwa maneno, kwa sababu kwa familia nyingi za kwetu sayansi ya viumbe ina mlango mmoja, udaktari, na huo ukifungwa basi uuguzi.

Mama huyo anastahili jibu la uzito, na ninalitoa mapema ili msomaji asingoje. Miaka miwili inatosha kumfanya mtu fundi anayeaminika kiwandani na maabarani. Haitoshi kumfanya mwanasayansi anayeongoza utafiti. Na kwa aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, huenda isimpatie kazi ya kudumu hata kidogo. Watu huyachanganya mambo hayo matatu, na wengi huja kuyatenganisha wakiwa wameshalipa ada.

Bayoteknolojia ni nini?

Bayoteknolojia ni kukitumia kiumbe hai, au sehemu ya kiumbe hai, kutengeneza kitu tunachokihitaji. Anayegandisha maziwa yawe mtindi anawatumia bakteria. Anayetengeneza togwa hutia kimea cha ulezi kwenye uji, na vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea huufanya uji uwe mwepesi na mtamu. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya kiumbe. Wachagga wanaopika mbege wako kwenye kazi hiyohiyo kwa vizazi vingi.

Jambo jipya lilianza miaka ya 1970. Mwaka 1973 wanasayansi wawili wa California, Herbert Boyer na Stanley Cohen, walionyesha kwamba kipande cha DNA kinaweza kukatwa kwenye kiumbe kimoja na kuingizwa kwenye bakteria, na bakteria akakibeba na kukizidisha kana kwamba ni chake. DNA ni molekuli ndefu inayobeba maagizo ya urithi ndani ya seli. Mwaka 1976 Boyer na mfanyabiashara Robert Swanson walianzisha kampuni ya Genentech karibu na San Francisco. Kufikia mwaka 1978 walikuwa wamefanikiwa kuwafanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya Eli Lilly, ikaidhinishwa kutumika Marekani.

Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari walichomwa insulini iliyokamuliwa kutoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, jambo ambalo kwa mgonjwa Mwislamu halikuwa dogo. Leo sehemu kubwa ya insulini duniani hutoka kwa bakteria au hamira waliopewa maagizo ya binadamu. Ukimjua mtu mwenye chupa ya insulini kwenye jokofu lake, iwe Tanga au Minneapolis, basi unaijua bidhaa ya bayoteknolojia.

Sasa fikiria kiwanda chenyewe. Ndani yake kuna kinu cha kuoteshea seli, yaani tangi la chuma kisichoshika kutu ambamo seli huogelea kwenye mchuzi wa sukari, chumvi na vitamini. Mabilioni ya seli hizo ziko hai, na hazijui Jumapili wala sikukuu. Saa 9 usiku lazima awepo mtu wa kuangalia joto, hewa na uchachu wa mchuzi, kuchota sampuli, kuipima, na kuandika alichokiona. Kazi hiyo haihitaji mtu mwenye udaktari wa falsafa. Inahitaji mtu aliyefundishwa vizuri, mwenye mkono uliotulia na asiyedanganya kwenye daftari. Digrii ya miaka miwili ilibuniwa kwa ajili ya mtu huyo.

Vyuo vya jamii viliingiaje?

Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha mahali, chenye ada nafuu, kinachompokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Kikongwe kuliko vyote vinavyoendelea, Joliet, kilianzishwa mwaka 1901 katika jimbo la Illinois. Leo nchi nzima ina takriban vyuo 1,000 vya aina hii, na hitimisho la masomo yake ni digrii ya miaka miwili ambayo Wamarekani huiita digrii ya asosieti.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoiagiza taasisi ya taifa ya sayansi, NSF, kugharamia mafunzo ya mafundi wa teknolojia za hali ya juu kupitia vyuo hivi. Kwa fedha hizo, mwaka 1998 kilianzishwa kituo cha Bio-Link kwenye chuo cha City College of San Francisco, kikaviunganisha vyuo vilivyofundisha bayoteknolojia ili vipeane mitaala, vifaa na uzoefu. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishikwa na kituo kipya, InnovATEBIO, chenye makao Austin, Texas.

Naitaja historia hii kwa sababu inatoboa siri moja yenye faida kwa anayechagua chuo. Masomo haya yalizaliwa kandokando ya viwanda, na mpaka leo huenda vizuri pale viwanda vilipo: Boston na vitongoji vyake, ukanda wa San Francisco, San Diego, eneo la Research Triangle huko North Carolina, na Maryland jirani na Washington. Madison kule Wisconsin nako kuna chuo kinachoheshimika sana kwa mafunzo haya. Chuo kilichoko mbali na viwanda kinaweza kuwa na walimu bora kabisa, lakini siku ya kutafuta kazi mhitimu wake atalazimika kuhama. Mwenye watoto na kodi ya nyumba hahami kirahisi.

Ndani ya krediti 60

Digrii hii kwa kawaida ina krediti zipatazo 60. Krediti ni kipimo cha mzigo wa somo. Kwa makadirio ya kawaida, krediti moja ni saa moja ya darasa kila wiki kwa muhula mzima, na saa za maabara huhesabiwa kwa punguzo, hivyo kukaa maabarani saa tatu kunaweza kukupa krediti moja tu. Mwanafunzi mwenye kazi ya usiku na alijue hilo mapema, kwa maana ratiba ya bayoteknolojia hula saa nyingi kuliko namba ya krediti inavyodokeza.

Masomo utakayokutana nayo, kwa majina tofauti kidogo kutoka chuo hadi chuo, ni haya:

- Biolojia ya seli na ya urithi
- Kemia, na hasa kutengeneza myeyusho wa nguvu maalumu
- Mikrobiolojia, yaani elimu ya viumbe wasioonekana kwa macho
- Hisabati ya maabara na takwimu
- Kuotesha seli za wanyama nje ya mwili
- Kutenganisha na kusafisha protini
- Kanuni za ubora na uandishi wa kumbukumbu za kiwanda
- Kiingereza cha kuandikia ripoti
- Mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni au maabara ya utafiti

Kuna tofauti moja inayowaponza wengi. Digrii yenye herufi AAS imekusudiwa kumpeleka mhitimu kazini moja kwa moja. Ile yenye herufi AS imepangwa ili krediti zake zihamie chuo kikuu, mwanafunzi amalizie miaka miwili mingine na kupata shahada ya kwanza. Aliyesoma AAS akabadili nia hukuta chuo kikuu kinakataa baadhi ya krediti zake, analazimika kurudia kemia au hisabati ya ngazi ya juu, na fedha zake zimekwenda. Kabla ya kuchagua muhula wa kwanza, uliza kama chuo kina mkataba wa maandishi wa kuhamisha krediti, na kina mkataba huo na chuo kikuu gani. Usikubali jibu la mdomo.

Kazi ya mkono

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa karibu ni maabara yenyewe, maana hapo ndipo digrii hii inapata thamani yake.

Kifaa cha kwanza ni pipeti ndogo, inayofyonza na kutoa vimiminika kwa mikrolita. Mikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita. Kitufe chake kina vituo viwili. Unabonyeza hadi kituo cha kwanza ncha ikiwa bado hewani, unaitumbukiza milimita chache tu ndani ya kimiminika, kisha unaachia kidole taratibu. Ukiachia kwa pupa, hewa huingia na kipimo kinapungua. Wakati wa kumwaga unabonyeza hadi kituo cha kwanza, unangoja kidogo, halafu unasukuma hadi cha pili ili tone la mwisho litoke.

Mwalimu mzuri haamini macho yake wala yako. Anaiweka mizani mezani na kukuambia uchote mikrolita 100 za maji mara kumi, kila mara upime uzito. Kwa joto la kawaida la chumba kila mchoto unapaswa kuwa karibu sana na gramu 0.1. Kama namba zako zinaruka huku na huku, unarudia. Namba zikilingana kati yao lakini zote zikawa pungufu, tatizo laweza kuwa pipeti, nayo hupelekwa kurekebishwa. Mwanafunzi amejifunza kwa vitendo tofauti kati ya mkono unaotetemeka na kifaa kinachodanganya, na tofauti hiyo ataihitaji kila siku ya maisha yake ya kazi.

Kinachofuata ni hisabati. Si ngumu, ila haisamehe. Mfano wa kila wiki ni huu: chupa ina myeyusho uliokolezwa mara 50, nawe unahitaji lita moja ya ule wa kawaida. Unagawa 1,000 kwa 50, unapata mililita 20. Unachukua mililita 20 za uliokolezwa na kuongeza maji hadi mililita 1,000. Wenye alama nzuri za hisabati kidato cha nne hushangaa wanavyokosea hapa, kwa sababu wanaongeza maji mililita 1,000 badala ya kufikisha jumla ya 1,000. Nimeona kwamba wanafunzi waliotoka kwetu, wakishapita woga wa Kiingereza, hufanya vizuri sana kwenye somo hili. Walizoea kukokotoa bila kikokotoo.

Baada ya hapo huja PCR, njia ya kuzidisha kipande cha DNA. Kary Mullis aliibuni mwaka 1983 akiwa California, na mwaka 1993 ikampatia Tuzo ya Nobel. Mchanganyiko hupashwa hadi nyuzi 95 za selsiasi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hupozwa hadi karibu nyuzi 55 ili vipande vidogo vya kuanzishia vishike mahali pake, kisha hupandishwa hadi 72 ili kimeng'enya kijenge nakala. Kila mzunguko huzidisha idadi mara mbili. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Kimeng'enya kinachostahimili moto huo kilitokana na bakteria aliyegunduliwa kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone. Wasomaji wengi wameshapimwa kwa PCR bila kujua jina lake, wakati wa janga la korona, pale kijiti kilipoingizwa puani.

Ili kuona kilichozidishwa, DNA huendeshwa kwa umeme ndani ya jeli. DNA ina chaji hasi, hivyo hukimbilia upande chanya, na vipande vifupi huwahi kuliko virefu. Jeli hiyo hutengenezwa kutokana na mwani mwekundu. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa ukoo huohuo, ingawa wa Zanzibar hutoa zaidi karajini, kitu cha kugandishia vyakula na dawa ya meno.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote, na vyuo vingi hulifanya, ni la kumpa bakteria jeni ya konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha ngozi. Jeni ni sehemu ya DNA yenye maagizo ya kutengeneza kitu kimoja, mara nyingi protini. Jeni hii hutengeneza protini inayong'aa kijani, ambayo Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Nobel ya kemia mwaka 2008 kwa kuigundua na kuiendeleza. Wanafunzi huwaweka bakteria kwenye barafu, huwapasha ghafla kwa muda mfupi ili wafungue njia na kupokea DNA, kisha huwaotesha usiku kucha. Kesho yake taa za kawaida huzimwa na kuwashwa ile ya mionzi ya urujuanimno, na sahani zinang'aa kijani mezani. Mtu aliyekuwa akikariri maneno kwenye kitabu anaelewa kwa mara ya kwanza kwamba DNA ni maagizo, na kwamba kiumbe mmoja huweza kuyasoma maagizo ya mwingine.

Kwa ufupi hadi hapa: digrii hii ina nadharia ya kutosha, lakini uti wake wa mgongo ni mkono. Chuo kinachofundisha bayoteknolojia kwa picha za kwenye skrini kinauza jina tu.

Kazi ya daftari

Kiwanda cha dawa huendeshwa kwa kanuni zinazoitwa GMP, yaani utengenezaji bora. Kwa maneno mafupi, zinadai kwamba kila hatua ifanywe kama ilivyoandikwa, na kila kilichofanywa kiandikwe palepale. Ukikosea kuandika, hufuti wala hupaki rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, unaandika maandishi sahihi pembeni, unaweka herufi za jina lako na tarehe, na mara nyingi sababu ya kurekebisha. Hurudishi tarehe nyuma, na humwekei sahihi mwenzako aliyekwenda msalani. Kumbukumbu za kila toleo la dawa zinafanana na faili la mgonjwa wodini: atakayeingia zamu ijayo ataamua kwa kuliamini.

Kwa nini ukali wote huu? Mwaka 2021, katikati ya janga, kiwanda kimoja cha Baltimore kilichoendeshwa na kampuni ya Emergent BioSolutions kilikuwa kikitengeneza malighafi ya chanjo mbili tofauti, ya Johnson & Johnson na ya AstraZeneca. Vitu vya chanjo moja vikaingia kwenye nyingine. Malighafi ya dozi zipatazo milioni 15 ikaharibika, uzalishaji ukasimamishwa, na wakaguzi wa serikali walipoingia walikuta kasoro za usafi na za mafunzo ya wafanyakazi. Hayo yalitokea wakati mataifa mengi ya Afrika yakingoja chanjo kwa hamu. Tatizo halikuwa elimu ya jeni. Kilichokosekana ni nidhamu ya kila siku, ile ya kuvaa, kutenganisha, kusafisha na kuandika.

Kwa hiyo mwanafunzi akilalamika kwamba mwalimu amemkata alama kwa kusahau tarehe, mimi niko upande wa mwalimu.

Kazi zipi hasa?

Kuna kazi za uzalishaji, yaani kuhudumia vinu na kusafisha protini. Kuna za udhibiti wa ubora, yaani kupima sampuli kabla dawa haijatoka. Zipo za kutunza seli na kuandaa myeyusho kwenye maabara za vyuo vikuu na hospitali. Uzalishaji ndio huwapokea wengi wenye digrii ya miaka miwili, na mara nyingi ni kwa zamu, nyingine za saa 12, za mchana au za usiku. Ndani ya chumba safi unavaa suti nyeupe, barakoa, miwani na glovu jozi mbili, huku marashi, vipodozi na pete vikiwa vimeachwa nje. Anayevaa hijabu aulize mapema namna ya kufunika kichwa inavyopangwa. Viwanda vingi vina utaratibu, lakini ni vyema kuujua kabla ya siku ya kwanza.

Sitaki kumficha msomaji upande wa pili. Takwimu za kazi za serikali ya Marekani huitaja shahada ya kwanza ya miaka minne kuwa ndiyo elimu ya kawaida ya kuanzia kwa fundi wa biolojia. Maana yake ni kwamba mwenye miaka miwili atakutana kwenye usaili na wenye minne. Anachowazidi ni saa za maabara, maana shahada nyingi za miaka minne hutoa mazoezi machache ya mikono kuliko vyuo vya jamii, na ndiyo sababu madarasa haya hujaa watu ambao tayari wana shahada ya biolojia na wamerudi kujifunza pipeti na GMP. Tena sekta yenyewe hupanda na kushuka. Kuanzia mwaka 2022 kampuni nyingi zilipunguza wafanyakazi baada ya fedha za wakati wa janga kukauka. Anayeingia leo ajue anaingia kwenye fani yenye misimu.

Karatasi zako zinasemaje?

Ushauri mwingi wa mitaani hupotosha hapa, kwa kuwa watu husimuliana mafanikio bila kutaja hati. Wanafunzi wawili wanaweza kukaa benchi moja, wakapata alama sawa, na digrii ileile ikawa mali kwa mmoja na nusu safari kwa mwingine.

Tuseme wa kwanza ni dada aliyetoka Kivu Kusini, akaishi kambi ya Nyarugusu, na sasa yuko Marekani kama mkimbizi. Au ni kaka aliyepata kadi ya kijani kwa bahati nasibu ya viza. Hawa wana haki ya kufanya kazi kwa mwajiri yeyote. Wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo, na, kama kipato cha familia ni kidogo, kupata Pell, ambayo ni ruzuku ya serikali isiyolipwa. Kwao digrii ya miaka miwili inaweza kufungua kazi ya kiwandani mara tu wanapomaliza. Ila kuna tahadhari moja: aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, hata kama aliipata Lubumbashi au Dar es Salaam, kwa kawaida hastahili Pell. Mtu kama huyo mara nyingi hahitaji digrii nyingine. Vyeti vyake vitafsiriwe, vitathminiwe na mashirika kama WES, kisha achukue cheti kifupi cha bayoteknolojia cha mwaka mmoja au chini ya hapo. Huko North Carolina vyuo vya jamii vina hata kozi fupi, BioWork, ya kumwandaa mtu kwa uzalishaji.

Wa pili ametoka Mombasa au Arusha kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Hapati Pell, analipa ada ya mgeni iliyo kubwa kuliko ya mkazi, na wakati wa masomo kazi yake kwa kawaida ni ya ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Akimaliza anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake, OPT, kwa miezi 12. Ile nyongeza ya miezi 24 inayozungumzwa sana kwa waliosoma sayansi haitolewi kwa digrii ya miaka miwili. Inahitaji shahada ya kwanza au zaidi. Viza ya kazi ya H-1B nayo kwa kawaida hudai kazi inayohitaji shahada ya kwanza. Kwa hiyo huyu wa pili asome AS, ahamishie krediti chuo kikuu, na aichukulie miaka miwili kama njia ya kupunguza gharama ya minne. Akisoma AAS akitegemea kuajiriwa na kubaki, anajenga kwenye mchanga. Kanuni za uhamiaji hubadilika, na mwenye neno la mwisho ni ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako au wakili, si jirani.

Kwa ufupi: mwenye haki ya kufanya kazi anaweza kuitumia digrii hii peke yake, mwenye F-1 aipange tangu siku ya kwanza kuwa nusu ya shahada.

Na ukirudi nyumbani?

Ukirudi Tanzania au Kenya, usitegemee ipokelewe kama shahada ya kwanza. Peleka vyeti kwa vyombo vinavyotambua elimu ya nje, kama NACTVET na TCU kwa Tanzania au KNQA kwa Kenya, kabla ya kuomba kazi. Ujuzi wenyewe una mahali. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, hutengeneza chanjo za mifugo Kibaha. KEVEVAPI hufanya hivyo Kenya. Ifakara, Kilifi na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, zina maabara za utafiti zinazotegemea mafundi kila siku, na Kigali kumejengwa kituo cha BioNTech kwa ajili ya chanjo. Nafasi ni chache kuliko za Boston. Anayejua kuendesha chumba safi na kutunza kumbukumbu za GMP naye si wa kawaida kwetu, na serikali zinazosema zinataka kutengeneza chanjo barani zitamhitaji mtu huyo kabla hazijahitaji hotuba nyingine.

Kabla hujasaini

Usichague chuo kwa picha za tovuti. Nenda, au piga simu, ukiwa na maswali haya:

- Ni AAS au AS, na mkataba wa kuhamisha krediti uko wapi kwa maandishi?
- Nitakuwa maabarani saa ngapi kwa wiki, na pipeti moja tutagawana wangapi?
- Mafunzo kwa vitendo hufanyika kampuni gani, na je, huwapokea wenye hati kama yangu?
- Mtihani wa kupangiwa madarasa ukiniweka kwenye Kiingereza au hisabati ya maandalizi, nitaongeza mihula mingapi?
- Wahitimu wa mwaka jana wanafanya kazi wapi?

Swali la mwisho mwulize mwalimu wa maabara mwenyewe, usimwulize mtu wa matangazo. Mwalimu anayeijua kazi yake atakutajia kampuni na vitengo bila kufungua karatasi. Akishindwa kutaja hata kimoja, beba fedha zako uende chuo kingine.